Pesa kwa simu: kati ya teknolojia na sheria palikuwa na nini?

Mwanafunzi wa utawala wa umma, Dodoma

Ndugu zangu, salaam. Ninaandika tasnifu kuhusu huduma za pesa kwa simu Tanzania na Kenya, na nimekwama katika sura ya kwanza. Maandiko mengi yanaeleza kwamba teknolojia ilitangulia na sheria ikafuata nyuma. Tarehe zinaunga mkono hoja hiyo: M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, ilhali Kenya ilipata Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa mwaka 2011, nasi tukapata yetu mwaka 2015. Hata hivyo, naona kuna jambo la katikati linalorukwa, yaani namna huduma hiyo ilivyoendeshwa siku kwa siku. Je, uendeshaji huo ulichangia nini katika sheria, na sheria nazo zilibadili nini katika uendeshaji? Nitashukuru kusikia kutoka kwa walioifanya kazi yenyewe.

Wakala, Mbeya

Ndugu mwanafunzi, umegusa penyewe. Nimekuwa wakala kwa zaidi ya miaka kumi, na kazi hii ni floti, yaani salio la pesa lililomo kwenye laini yangu ya uwakala, kuliko simu. Mteja akija kutoa laki mbili, nampa noti kutoka kwenye droo na floti yangu inapanda. Akija kuweka, droo inajaa na floti inashuka. Siku ya mnada wafugaji huja kuweka fedha za mauzo, na kufikia saa tano asubuhi droo imejaa noti lakini sina floti ya kumhudumia hata mtu wa elfu kumi. Mwisho wa mwezi, watumishi wanapokuja kutoa, hali inageuka. Simu haikuwahi kunitatulia jambo hilo. Tulilitatua kwa daftari la kaunta lililopigwa mistari kwa rula, safu moja ya taslimu na moja kwa kila mtandao, na kwa wakala mkuu ambaye kijana wake hupita na pikipiki, akachukua noti na kuturushia floti.

Sasa tazama mwaka 2014. Kabla ya hapo, ukimtumia pesa mtu wa mtandao mwingine, alipokea ujumbe wenye namba ya siri na ikambidi amtafute wakala wa mtandao wako ndipo azitoe. Mwaka huo Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana pesa ziingie moja kwa moja kwa mpokeaji, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Benki Kuu ilihimiza, lakini iliziacha kampuni zenyewe zikae na kuandika masharti. Naona ilifanya vizuri, kwa sababu ugumu wenyewe ulikuwa katika hesabu za jioni, nani anamdai nani na kiasi gani, na hesabu hizo zilijulikana na waliokuwa wakizifanya.

Tozo ya Serikali ya Julai 2021 ilikuja kwa njia nyingine. Kila muamala wa kutuma au kutoa ulikatwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi, juu ya makato ya kampuni. Nakumbuka mama mmoja aliyetaka kumtumia mwanawe fedha za matumizi shuleni. Nilimwandikia makato yote kwenye kipande cha karatasi, akakitazama kwa muda, akazikunja noti zake na kwenda stendi kumpa kondakta wa basi. Watu walirudia njia tuliyodhani wameiacha kabisa. Septemba hiyo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000. Aliyeipanga angekaa kaunta yangu siku mbili tu, angeliona hilo mapema.

Mstaafu wa benki, Mombasa

Nakubaliana na wakala, ila turudi nyuma kidogo. Majaribio ya M-Pesa ya mwaka 2005, Nairobi na Thika, yalikusudiwa kuwawezesha wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, kulipa mikopo yao kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na Safaricom, kampuni yenye huduma hiyo, ikabadili mpango. Benki Kuu ya Kenya nayo iliruhusu huduma ianze bila sheria mahususi, kwa sharti kwamba kila shilingi iliyo simuni iwe na mwenzake katika akaunti ya amana ambayo kampuni haina ruhusa ya kuitumia. Ukaguzi ulipoagizwa mwishoni mwa 2008, kulikuwa na hesabu za kukagua. Sharti hilo ndilo lililoingia katika kanuni baadaye.

Kisha mbinu ya mawakala ikavuka kuja upande wetu wa benki. Mwaka 2010 benki za Kenya ziliruhusiwa kutumia mawakala, na Tanzania ikatoa mwongozo wake mwaka 2013. Mimi nilipelekwa kuwafundisha wenye maduka, na kuhusu taslimu wao ndio walionifundisha.

Mwanasheria, Arusha

Naomba nipinge kidogo. Si kila mazoea ya kazini yanafaa kugeuzwa kuwa kanuni. Kenya kwa miaka mingi mawakala wa Safaricom walifungwa na mikataba iliyowazuia kuhudumia mitandao mingine, na hayo pia yalikuwa mazoea ya uendeshaji. Mwenye duka asingeweza kuyavunja peke yake. Ilihitajika Mamlaka ya Ushindani kuingilia kati mwaka 2014. Vilevile swali la faida ya akaunti za amana, kwamba ni mali ya nani, halikuweza kujibiwa kaunta. Hapa Tanzania, Tigo ilianza kuigawa kwa wateja mwaka huohuo wa 2014 baada ya Benki Kuu kuridhia. Tofautisha mazoea yaliyotokana na kazi na yale yaliyotokana na nguvu za mkubwa.

Mwanafunzi wa utawala wa umma, Dodoma

Nawashukuru sana. Tofauti hiyo nitaijengea sura nzima. Ndugu wakala, daftari za miaka hiyo bado unazo?

Wakala, Mbeya

Ninazo zote, zimo kwenye katoni chini ya kaunta, na ya mwaka 2021 ina safu ya ziada niliyoiongeza kwa kalamu nyekundu kwa ajili ya tozo. Karibu Mbeya, ila usije siku ya mnada.