Nyimbo za Kiladino kwa ala ngeni: ni kufufua au kupotosha?

Ndugu zangu, naomba tujadili suala linalowagawa wapenzi wa nyimbo za Wayahudi wa Sefaradi, ambao mababu zao walifukuzwa Uhispania kwa amri ya mwaka 1492 wakahamia Thessaloniki, Istanbul, Sarajevo, Tetouan na kwingineko, huku wakiendelea kusema Kihispania chao kinachojulikana leo kama Kiladino. Je, mwimbaji wa sasa anayezipiga nyimbo hizo kwa ala ambazo jamii hiyo haikuwa nazo anazifufua au anazipotosha? Mfano ulio wazi ni Ana Alcaide wa Toledo, ambaye huziimba huku akipiga nyckelharpa, ala ya Uswidi yenye nyuzi na vitufe inayopigwa kwa upinde.

Wanaopinga wana hoja nzito. Nyimbo hizi zilitunzwa hasa na wanawake, wakiimba wakati wa kubembeleza watoto, kufanya kazi za nyumbani na kuozesha mabinti, mara nyingi bila ala yoyote isipokuwa tari. Hata hivyo, katika miji ya Dola ya Uthmaniya Wayahudi hao walipiga pia udi na kanuni, ala ambazo sisi wasikilizaji wa taarabu tunazifahamu vyema. Walizikuta kwa majirani na wakazifanya zao.

Kwa hiyo mimi sioni kosa katika ala. Kosa ninaloliona ni kumwambia msikilizaji kwamba anasikia sauti ya Uhispania ya Zama za Kati, ilhali nyimbo nyingi zinazopendwa majukwaani ni za karne ya 19 na ya 20. Wimbo wa kuagana «Adio kerida», kwa mfano, una lahani ambayo watafiti huihusisha na opera ya Verdi, La Traviata, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1853. Naye Flory Jagoda, aliyezaliwa Sarajevo mwaka 1923 na kufundishwa nyimbo na bibi yake, alitunga «Ocho kandelikas» akiwa Marekani mwaka 1983, na leo wapo wanaoudhani kuwa wimbo wa kale usio na mtunzi.

Jambo hili linanigusa sana kwa sababu mwaka 1943 zaidi ya Wayahudi 40,000 wa Thessaloniki walipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na karibu wote waliuawa. Bibi ambaye angesimama katikati ya harusi akamwambia mwimbaji kijana, «Mwanangu, ubeti huo hauimbwi hivyo,» hayupo tena. Mahali ambapo msahihishaji ameuawa, msanii anabeba wajibu mzito zaidi wa kusema ukweli: wimbo ulirekodiwa kutoka kwa nani, katika mji gani, na ni sehemu ipi aliyoiongeza yeye mwenyewe. Maelezo hayo huchukua dakika moja tu kabla ya kuimba, na hayapunguzi utamu wa wimbo hata kidogo.

Wanaoikataa nyckelharpa naomba wanijibu hili: ikiwa tunaupokea kama urithi wimbo uliotungwa Marekani mwaka 1983, kwa sababu mtunzi wake alilelewa ndani ya jamii hiyo, je, tunachokilinda ni wimbo wenyewe au ni nasaba ya anayeuimba?