Mrejesho: Babu mzaa babu hakufia Witu

Assalamu alaikum ndugu zangu. Niliuliza hapa kama kuna njia ya kuthibitisha masimulizi ya ukoo wetu wa Lamu, kwamba babu mzaa babu yangu aliuawa Waingereza walipomshambulia Sultani Fumo Bakari huko Witu, Oktoba 1890. Mlinishauri nianze na karatasi za nyumbani kabla ya kwenda ofisi yoyote, na ushauri huo umezaa matunda.

Katika kasha la shangazi ilikuwamo hati ya wakfu wa shamba la minazi, ya Kiarabu, iliyotobolewa na mchwa pembeni lakini tarehe yake i salama: Rajab 1307, yaani kati ya Februari na Machi 1890. Humo babu huyo anatajwa kuwa marehemu, na mweka wakfu ni mjane wake. Basi alikwisha fariki miezi kadhaa kabla ya vita. Wazee wawili hawajafurahi, nami nawaelewa, maana kifo cha vitani kina sifa kuliko cha homa.

Msahafu wa ukoo nao una majina ya watoto wake jaladani, kwa wino mweusi, na mmoja hatukuwahi kumsikia. Ninayemtafuta sasa ni huyo, kupitia madai ya ardhi yaliyosajiliwa baada ya sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani ya mwaka 1908, ambako warithi walilazimika kujieleza. Mwenye uzoefu wa kumbukumbu hizo tafadhali anielekeze.