Waifai ifike mpaka banda la uani: ripita, meshi, adapta za umeme au waya?

Mama_Kimanga
Wakuu habari za jioni. Nipo Tabata Kimanga, nyumba ya chini ya vyumba vitatu, tofali za inchi sita, na uani kuna banda la vyumba viwili. Faiba imeingia mwezi uliopita. Fundi kaifunga ruta sebuleni nyuma ya televisheni kwa sababu ndipo waya wake ulipoishia. Sebuleni mambo safi. Chumba cha mwisho inasuasua. Bandani anakokaa mwanangu wa chuo kunashika kimstari kimoja, akijilaza kitandani hata hicho kinapotea. Juzi mtihani wa mtandaoni kaufanyia jikoni kwangu huku nakaanga vitumbua.

Kutoka sebuleni mpaka mlango wa banda nimepima kwa futikamba: mita 19. Kariakoo nimeingia maduka matatu nikapewa majibu matatu: ripita ya kuchomeka ukutani inayorudia waifai ya ruta, seti ya meshi (vidude kadhaa vinavyosambaza mtandao mmoja nyumba nzima), na vile viadapta vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme wa nyumba. Bajeti laki mbili na nusu, mkinisukuma sana laki tatu. Aliyewahi kufunga anisaidie, maneno ya wauzaji yamenitosha.

Kobe_wa_Segerea
Ripita dada. Unachomeka, unabonyeza kitufe, kwisha habari. Yangu ina miaka miwili.

Waya_Mweupe
Mkuu Kobe, ripita nyingi za bei ya chini zina redio moja. Redio hiyo hiyo inasikiliza ruta, hiyo hiyo inaongea na simu, kwa hiyo kila kitu kinapita hewani mara mbili na spidi inabaki kama nusu. Halafu watu wanaichomeka kule kule ambako mtandao umeshakufa. Ripita inarudia inachokisikia. Ikisikia mnong'ono, itanong'ona. Ikibidi kuitumia, iwekwe katikati ya safari.

Mama, kati ya nyumba na banda kuna nini?

Mama_Kimanga
Kuna mwembe, na simtanki la lita 2,000 juu ya msingi wa tofali. Lipo katikati kabisa.

Waya_Mweupe
Mchawi wako huyo. Maji yananyonya mawimbi ya waifai vibaya sana. Zile 2.4 GHz zinazofika mbali ni masafa yale yale ya maikrowevu inayopasha chakula. Za 5 GHz zina kasi zaidi lakini ukuta wa tofali unazichosha haraka, kwa hiyo bandani usizitegemee kutoka sebuleni.

Mama_Kimanga
Kumbe! Ile wiki maji yalipokata, tanki likakauka, mwanangu alisema "mama leo mtandao umetulia". Nikadhani ananitania.

BintiMbezi
Mimi natumia meshi, nyumba ya ghorofa moja, zege katikati. Sijutii. Jina la mtandao ni moja nyumba nzima, natembea na simu ya video kutoka chini hadi juu bila kukatika. Ila niseme ukweli: vile vidude vikiongea vyenyewe kwa vyenyewe hewani, navyo vinakutana na tanki lako kama kawaida. Vyenye redio ya ziada kwa mazungumzo yao wenyewe vina nafuu, lakini laki tatu haikufikishi. Mimi cha juu nilikuja kukiunganisha kwa waya, ndipo nikaona faida yake.

Luku_Mbili
Adapta za umeme nimezijaribu, sikilizeni. Nilichomeka moja sebuleni, nyingine kwa mpangaji uani. Taa ikawaka nyekundu, nikazunguka soketi zote nusu siku kama mganga. Mwisho ndiyo nikakumbuka banda lina LUKU yake! Mita mbili tofauti, msitegemee zitaonana. Ndani ya nyumba yenye mita moja zinafanya kazi, ila chomeka ukutani moja kwa moja. Ukipitia kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, ile kinga inaweza kuudhoofisha au kuuzima mtandao wako.

Mama_Kimanga
Banda langu nalo lina LUKU yake. Hilo tumelifuta.

Waya_Mweupe
Basi vuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta mpaka bandani. Ule wa daraja la Cat5e unatosha kabisa, Cat6 kama bei hazijaachana. Kikomo chake ni mita 100, wewe huna hata theluthi. Dukani omba wakukatie kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inakatika kirahisi, rudisha. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Chukua wa kukaa nje, upitishe kwenye bomba la plastiki na uufukie. Ukiuacha wazi panya wa Kimanga watakula. Usiuchanganye bomba moja na waya wa umeme.

Bandani funga ruta yoyote ya zamani, mnayo kabatini. Kabla ya kuunganisha: ibadilishe anwani yake ya mtandao iwe 192.168.1.2 kama ya ruta kubwa ya sebuleni ni 192.168.1.1, ZIMA DHCP (ile kazi ya kugawia vifaa anwani, aifanye ruta kubwa peke yake), waya uchomeke kwenye tundu la LAN, lile la WAN liache. Jina na pasiwedi weka sawa na za sebuleni. Chaneli za 2.4 zitofautiane, moja ikae 1, nyingine 6 au 11. Na kile kitufe cha WPS alichokisifia Kobe kizime, kinawapa wageni mlango.

Kobe_wa_Segerea
Na radi je? Masika iliyopita jirani yangu alivuta waya hivyo hivyo, zikaungua ruta mbili.

Waya_Mweupe
Hapo umenishika. Shaba inayotoka jengo moja kwenda jingine inabeba radi, hilo halina ubishi, na kuifukia hakuondoi hatari yote. Dawa kamili kwa upande wa waya ni kipande cha faiba, ambayo haipitishi umeme, na vibadilishi viwili vya kuiunganisha na ruta, gharama inapanda. Dawa ya maskini: wingu likitanda, chomoa pande zote mbili.

Mama_Kimanga
Mrejesho baada ya wiki mbili. Waya umepita kando ya ukuta, mita 28, tumechimba wenyewe Jumamosi. Pamoja na bomba sijafika hata laki mbili. Siku ya kwanza nilisahau kuzima DHCP, nyumba nzima ikachanganyikiwa, televisheni inasema imeunganishwa na haifungui kitu. Nimezima, ikatulia. Ruta kubwa nimeitoa nyuma ya televisheni nikaipandisha juu ya kabati la korido, na chumba cha mwisho nacho kimeamka. Nimeongeza na betri ndogo ya volti 12 ili umeme ukikatika ruta isizime.

Mwanangu sasa anafunga mlango wa banda, vitumbua namwita mara tatu.

Kobe_wa_Segerea
Hongera dada. Ulinunua mita ngapi?

Mama_Kimanga
40. Zimebaki 12.

Kobe_wa_Segerea
Usizitupe, nakuja Jumapili. Ripita imeanza kuzingua.