Gondola kwenye kilima cha skii cha jamii: kweli itatupa kazi mwaka mzima?

Nyika208: Wakuu, habari za leo. Swali kwa wanaozijua lifti za milimani. Kilima chetu hapa Idaho, Marekani, ni cha jamii, kinaendeshwa na bodi, hakuna mwenye hisa. Lifti kuu ni ya viti vya watu wawili, vibano vinavyoshika viti vimekaza kwenye waya muda wote, haviachii hata kituoni. Njia ina urefu wa mita 2,000 na inapanda wima mita 450. Ardhi ni ya Forest Service, idara ya misitu ya serikali kuu, tunakaa kwa kibali. Theluji imekuwa ya kubahatisha, kwa hiyo bodi inataka kuing'oa lifti hiyo na kuweka gondola, yaani vyumba vidogo vilivyofungwa (kabini) vinavyoning'inia kwenye waya, vya watu 8 kila kimoja, ili tupate mapato ya kiangazi. Kabini ngapi zinatosha? Na ni kitu gani huwa kinasahaulika kwenye bajeti?

FundiPuli: Mkuu, anza na hesabu ya kiangazi. Wakati wa baridi watu wanapanda kwa lifti na kushuka kwa skii, upande wa kushuka unarudi mtupu. Kiangazi kila aliyepanda anashuka kwa waya huohuo, na lifti nyingi za viti za zamani zimewekewa kikomo kidogo cha kushusha watu, kwa sababu breki na mota hazikusanifiwa kushikilia mzigo upande huo. Gondola inabeba kamili pande zote mbili. Pia kituoni kibano kinaachia waya na kabini inatambaa kama mita 0.3 kwa sekunde, au inasimamishwa kabisa, hivyo bibi mwenye fimbo na mtu wa kitimwendo wanaingia bila kuizimisha njia nzima.

Kabini sasa. Mkianza na kabini moja kila sekunde 30, hiyo ni kabini 120 kwa saa, watu 960. Kwa mwendo wa mita 6 kwa sekunde, nafasi kati ya kabini ni mita 180. Waya unaenda na kurudi mita 4,000, gawanya kwa 180 unapata 22, ongeza 5 zilizo ndani ya vituo. Agizeni 30, zinazobaki ni za kubadilishana wakati wa matengenezo. Msinunue kabini 60 kwa ajili ya Jumamosi mbili za Desemba. Jengeni nguzo, mota na vituo vya kubeba watu 1,800 kwa saa, kabini mtaongeza baadaye.

Umeme: kuinua watu 960 wa kilo 80 kwa mita 450 ndani ya saa moja ni takriban kilowati 94 peke yake. Bado msuguano wa puli, matairi ya vituoni na nguvu ya kuondoka njia ikiwa imejaa. Ulizeni kampuni ya umeme mapema kama laini inayofika hapo chini inatosha, maana kuivuta upya kunaweza kuchukua muda kuliko kusimamisha nguzo.

KibanoSalama: Kinachosahaulika ni muda wa matengenezo. Sasa hivi kiangazi ndiyo karakana yenu. Siku 110 za baridi kwa saa 8 ni saa 880. Ongeza siku 100 za kiangazi kwa saa 9, mmeshavuka 1,750. Waya, beringi na mipira ya puli vinachakaa kwa saa za kazi, havisomi kalenda.

Vibano vinashushwa kwa zamu, vinafunguliwa, vinaoshwa hadi chuma kitupu, vinatiwa sumaku na kumwagiwa unga unaong'aa. Chini ya taa ya zambarau ufa mwembamba kama unywele unaonekana kama mstari wa kijani, na kibano hicho hakirudi njiani. Kazi hii haifanyiki usiku mmoja, ndiyo maana mnahitaji vibano vya akiba. Waya mpya nao unarefuka. Gari la kukazia linarudi nyuma taratibu mpaka linakaribia mwisho wa reli yake, hapo lazima waya ukatwe na kuungwa upya. Urefu wa maungio haupungui mara 1,200 ya kipenyo cha waya: waya wa milimita 40 unataka mita 48 za kusukwa kwa mkono na mafundi wa kukodi. Hata Telluride huko Colorado, ambako gondola ni usafiri wa umma wa bure tangu 1996, wanafunga wiki kadhaa kila masika na kila vuli. Andikeni kufunga huko kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mama Theluji: Naongeza radi. Milima ya Rocky kiangazi inapiga radi mchana karibu kwa ratiba. Ngurumo ikisikika mnaacha kupakia, mnamaliza waliomo njiani, mnasimama mpaka dakika 30 zipite bila ngurumo nyingine. Watu 200 walioko kileleni watakaa wapi? Bila jengo lenye ulinzi wa radi, choo na maji huko juu, msifungue kiangazi. Jengo hilo pia ndilo duka lenu, kwa sababu tiketi ya kupanda na kuangalia mandhari mtu ananunua mara moja.

Sheria ya 2011 inawaruhusu wenye vibali vya Forest Service kuweka zipline (waya wa kuteleza ukining'inia), njia za baiskeli na mazoezi ya kamba, ila viwanja vya gofu na tenisi, mabwawa ya kuogelea na slaidi za maji imevikataa kwa jina. Tathmini ya mazingira iombeni kwa mradi mzima, mkikatakata vipande mtaanza foleni upya kila mara.

Kusema kweli sijashawishika kwamba ni lazima iwe gondola. Bogus Basin, kilima cha skii hapo juu ya mji wa Boise, ni ya jamii vilevile, na kiangazi inaendeshwa kwa lifti za viti na kigari cha reli cha 2017. Mji wa Kellogg, hapa hapa Idaho, ni kesi tofauti: gondola yao ya 1990, karibu kilomita 5, inaanzia mjini kabisa karibu na barabara kuu ya I-90, kwa hiyo inaondoa adha ya barabara ya mlimani. Yenu inaanzia wapi? Kama mgeni lazima aendeshe gari dakika 40 za kona kabla ya kufika kituo cha chini, faida hiyo hamna. Angalieni pia lifti mchanganyiko, viti na kabini kwenye waya mmoja, kama ya Sunday River huko Maine tangu 2008. Wenye skii wanakaa vitini, watembea kwa miguu kabinini.

Nyika208: Asanteni sana. Inaanzia kwenye maegesho yetu, kilomita 25 kutoka mjini. Tumepata pia ofa ya gondola iliyotumika, bei ya kutupa. Inafaa?

FundiPuli: Kinachohama vizuri ni kabini, vibano na mitambo ya vituo, kama mtengenezaji bado yupo na anauza vipuri. Misingi ya zege haihami. Nguzo zilikatwa kwa mteremko wa mlima mwingine, nyingi zitakuwa fupi au ndefu. Waya mtanunua mpya, kompyuta ya udhibiti pia, na mhandisi lazima achore njia yote upya mpaka itimize B77.1, kiwango cha Marekani cha usalama wa lifti za namna hii. Ombeni kitabu cha saa za kazi na ripoti za vibano za miaka yote. Muuzaji akisema vimepotea, muache abaki na gondola yake.

KibanoSalama: Na pimeni ghala la kabini kabla ya kusaini. Kabini zikilala njiani usiku wa barafu, asubuhi milango haifungi, na mtazigonga moja moja kwa nyundo za mpira wageni wakiwa kwenye foleni.