Msambazaji wangu ameomba kusajili jina la pilipili yangu: naomba ushauri

Mama Pilipili wa Tanga: Habari zenu wanajukwaa. Ninatengeneza pilipili ya kusaga ya chupa, ninaiuza Tanga, Dar es Salaam na Unguja, na nina cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Sasa nimepata taarifa kwamba msambazaji wangu ameomba jina hilohilo lisajiliwe kama alama yake ya biashara. Swali langu ni moja tu: nikibadilisha jina na lebo, wateja watanifuata?

Kibatari: Dada yangu, walio karibu watakufuata, walio mbali hawatajua. Nilikuwa nauza sembe Arusha, mifuko ikaanza kuvuka Namanga, nami nikaamini kwamba cheti changu cha Tanzania kinatosha. Mtu mwingine akasajili jina lile Kenya, na tangu siku hiyo mzigo wangu ndio ulioonekana wa bandia huko. Hata Zanzibar, unakouza, ina usajili wake kupitia BPRA, wakala wa huko wa usajili wa biashara na mali.

Mwalimu Shaba: Wafanyabiashara wadogo tunakopa ili tununue mashine, lakini jina, ambalo ndilo mteja analoliitisha dukani, tunaliacha bila mwenyewe. Inasikitisha sana.

Msomaji Mtulivu: Kabla ya lebo, tueleze jambo moja. Kuna maandishi yoyote kati yako na huyo msambazaji?

Mama Pilipili wa Tanga: Ipo barua. Alisema maduka makubwa yanadai karatasi, nami sikuwa na nafasi ya kusafiri, hivyo nikamwandikia kumruhusu ashughulikie mambo ya jina. Ni shemeji yangu, na sioni ubaya wa kumwamini ndugu. Isitoshe, nimekwisha kulipa arubuni ya lebo mpya, kwa sababu sitaki kesi ndani ya familia.

Mtaka Ukweli: Uzi huu umetungwa. Mwanzoni alikuwa msambazaji, sasa amekuwa shemeji. Tena BRELA iliyokwisha kumpa cheti haiwezi kupokea maombi ya mtu mwingine kwa jina lilelile.

Msomaji Mtulivu: Inaweza, na hapo ndipo wengi wanapoumia. BRELA ina daftari la majina ya biashara, chini ya Sura ya 213 ya Sheria za Tanzania, na daftari la alama za biashara na huduma, chini ya Sura ya 326. Cheti cha kwanza kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina fulani. Hakimpi haki ya pekee ya kulitumia jina hilo juu ya bidhaa. Alama huombwa kwa kundi la bidhaa, na sosi za pilipili zimo katika kundi la 30. Msajili akiridhika, maombi hutangazwa, na mwenye pingamizi ana siku 60. Alama ikisajiliwa, haki huhesabiwa tangu tarehe ya maombi, hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Asiyesajili bado anaweza kumshtaki anayeuza bidhaa zake kwa sura ya bidhaa za mwenzake, ila mzigo wote wa kuthibitisha kwamba wateja wanalijua jina kuwa lake unamwangukia huyo asiyesajili. Kwa hiyo tafuta risiti za zamani, lebo za kwanza na hati za kupeleka mzigo. Kumruhusu mtu ashughulikie jina si kumhamishia umiliki, lakini maneno ya barua hiyo yasomwe na wakili.

Mama Pilipili wa Tanga: Tangazo lilitoka mwezi uliopita. Nikipinga, mama mkwe atasema nimemshtaki mwanawe. Naona heri jina jipya.

Msomaji Mtulivu: Je, hilo jina jipya umelipekua kwenye daftari la alama, na umeliombea usajili? Kama bado, huyohuyo au mwingine anaweza kukutangulia tena. Siku 60 zinahesabiwa tangu tangazo lilipotoka, si tangu ulipoliona. Zungumza na mama mkwe kwa heshima zote, lakini pingamizi liwe limekwisha kupokelewa BRELA, na mchapishaji asimamishe kazi leo.