Acheni kudanganya watu na "weka Wine tu, itapiga kazi"

Wakuu, inakera. Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kila mwenye mashine isiyokubali Windows 11 anajibiwa mstari mmoja: "Hamia Linux Mint, programu zako endesha kwa Wine." (Linux Mint ni mfumo endeshi wa kuweka badala ya Windows; Wine ni programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux.) Mtu anafuta diski, kesho yake programu ya mauzo dukani haifunguki, washauri wote wameingia mitini.

Wine haina Windows ndani yake. Inapokea maombi ambayo programu ingeipelekea Windows, inayageuza yaeleweke na Linux. Ndiyo maana ni nyepesi. Ndiyo maana pia draiva ya Windows (programu inayoongoza kifaa) haiwezi kuingia kwenye kerneli, yaani kiini, cha Linux, kwa hiyo kile kidude cha leseni cha USB, ambacho programu haifunguki bila kukichomeka, au kisoma alama za vidole, mara nyingi hapo ndipo safari inapoishia. Mbona hili hamlisemi?

Na hata inapowezekana, mnaficha nusu ya kazi. Programu nyingi za zamani za hesabu ni za biti 32, mfumo wenu ni wa biti 64. Bila amri hizi, za kuandika kwenye terminal, utaambiwa wine32 (sehemu ya Wine ya biti 32) haipo:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install wine wine32:i386 winetricks

Halafu kila programu ipewe chumba chake, yaani folda yake ya Wine (WINEPREFIX), msirundike zote kwenye ~/.wine, folda ya kawaida ya Wine:

WINEARCH=win32 WINEPREFIX=~/.wine-mauzo winecfg
WINEPREFIX=~/.wine-mauzo winetricks corefonts dotnet48

Hiyo dotnet48 (.NET 4.8 ya Microsoft, ambayo programu nyingi za Windows huitegemea) inachukua muda mrefu kweli. Watu hudhani imeganda, wanaizima katikati, chumba kinaharibika. Usihangaike kukitibu: futa folda, anza upya.

Mizani inayounganishwa kwa waya wa serial? Mtumiaji aingie kundi la dialout (wenye ruhusa ya kutumia milango ya serial), kisha kwenye regedit (kihariri cha mipangilio ya Windows) ya chumba hichohicho, HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine\Ports, andika COM1 iwe /dev/ttyUSB0. Malizia na wineserver -k, inayoizima Wine ili ianze upya, ukiwa umetaja WINEPREFIX ileile, vinginevyo Wine haisomi badiliko hilo.

Anayefundisha "sudo wine setup.exe" ndiye mbaya kuliko wote. Faili zinakuwa mali ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), mwenye kompyuta anafungiwa nje ya programu yake mwenyewe. Na Wine si gereza: Z: ni diski yako nzima, kwa hiyo ile kraki (programu iliyovunjwa leseni) yenye kirusi inazisoma nyaraka zako vizuri tu.

Mwenye kidude cha leseni mpeni VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kuigiza ndani ya Linux, yenye Windows halisi ndani. Awashe VT-x (uwezo wa prosesa wa kuendesha kompyuta ya kuigiza) kwenye BIOS, mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, mashine iwe na RAM 8GB ili 4GB ziende kwa Windows, apige sudo usermod -aG vboxusers $USER, atoke na kuingia tena, ndipo kidude kitaonekana kwenye orodha ya USB.

Mwenye RAM 4GB mwambieni ukweli: asifute chochote. Anunue diski nyingine, ajaribie huko, ile yenye Windows aichomoe na kuiweka kabatini mpaka risiti ya kwanza itoke.