Programu ya kutunza nywila: Bitwarden, KeePass au nibaki na ya Google?

Ndukidi
Wakuu, habari za mchana. Natafuta programu moja ya kutunza nywila zote, ifunguke kwenye simu na kwenye kompyuta. Nimebaki na tatu: Bitwarden, KeePass, au niendelee na hii ya Google inayouliza kama ihifadhi kila ninapoingia mahali. Nataka niamue kabla ya Jumatatu. Mwenye uzoefu anijuze.

FundiSimuMoro
Swali limekaa nusu, mkuu. Simu ni Android au iPhone? Kompyuta unaikalia peke yako? Na Jumatatu kuna nini?

bintiMakorora
Bitwarden, usizunguke. Ya bure haina kikomo cha nywila wala cha vifaa, na msimbo wake uko wazi, anayejua anaukagua. Mimi iko kwenye simu, kwenye laptopu na kwenye kompyuta ya kazini. Mwaka wa nne huu sijawahi kubonyeza "nimesahau nywila".

MzeeKigogo
Kaunta buku ya kwaya mbili. Hakuna mdukuzi wa Urusi atakayekuja Kigogo kufungua kabati langu.

FundiSimuMoro
Mdukuzi haji mzee wangu, ila Msimbazi ukifurika unakuja wenyewe.

SirOfflaini
Hao wa kuhifadhi mtandaoni mmesahau ya LastPass, nayo programu ya kutunza nywila? Wezi waliingia Agosti 2022, Desemba kampuni ikakiri kwamba nakala za hifadhi za wateja zimechukuliwa. Nywila zilikuwa zimesimbwa, sawa, lakini anwani za tovuti zilikuwa wazi, mwizi anaona kabisa nani ana akaunti wapi. Mwenye nywila kuu dhaifu, ile moja inayofungua zote, huyo anakisiwa taratibu, hata miaka. KeePass ni faili lako, linakaa kwako. KeePassXC kwenye kompyuta, KeePassDX kwenye Android, zote bure. Kwisha.

bintiMakorora
Kwisha wapi? Lihariri kwenye simu asubuhi, lihariri kwenye laptopu mchana, jioni una mafaili mawili na hujui lipi lina nywila mpya. Mwambie na hiyo.

SirOfflaini
Hiyo ni uvivu wa mtu, sio programu.

MamaPacha_Mbeya
Ngojeni niwape yangu, jina la programu silitaji. Mwaka juzi nilijifanya mtu wa usalama, usiku mmoja nikabadilisha nywila kuu. Sentensi nzima, na tarakimu katikati. Simu ikaendelea kufunguka kwa kidole, kwa hiyo ile sentensi sikuiandika tena hata mara moja. Wiki ya tatu nikaibiwa simu kwenye daladala pale Mwanjelwa. Nimenunua nyingine, nimeweka programu, inadai nywila kuu. Sentensi naikumbuka, tarakimu hazipo kichwani. Najaribu wapi, hola. Nikawaandikia wenyewe, wakanijibu kwa adabu kwamba hata wao hawawezi kuona kilichomo ndani. Nikasema basi niingie kwenye barua pepe nianzie huko. Barua pepe inataka namba ya uthibitisho, na hiyo namba ilikuwa inatengenezwa na simu iliyoibiwa! Laini nilirudishiwa siku ileile. Akaunti zilinichukua mwezi mzima, moja moja, na ile yenye picha za watoto wakiwa wadogo mpaka leo sijaiona. Hamna aliyeniambia niandike nywila kuu kwenye karatasi nimwachie mama.

MzeeKigogo
Karatasi. Si ndiyo nilichosema?

Ndukidi
Poleni, nilikuwa na wateja. Simu ni Tecno. Kompyuta ni ya dukani, nina steshenari hapa Mpwapwa. Jumatatu kuna kijana anaanza kazi, na Chrome ya pale imeingia kwa akaunti yangu.

FundiSimuMoro
Ungeanza na hili! Ya Google ifute kwenye orodha. Dogo akikaa tu hapo nywila zinajijaza zenyewe. Mfungulie akaunti yake ya Windows leo hii, yako iwe na nywila.

bintiMakorora
Subiri. Steshenari, "nywila zote". Zote za nani?

Ndukidi
Zangu na za wateja. Maombi ya mkopo HESLB, Ajira Portal, TIN. Ziko kwenye Excel, kama mia tatu hivi.

bintiMakorora
Yesu wangu.

mkosti_001
Huku Mombasa nilifanya kazi saiba, mambo ni hayohayo, iTax na eCitizen. Mteja anakuachia nywila, kesho akikuta kitu kimebadilishwa mtu wa kwanza kushikwa ni wewe. Acha kabisa, ndugu yangu. Mteja aandike mwenyewe kwenye simu yake, wewe geuka utazame ukutani.

SirOfflaini
Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Excel ya watu mia tatu juu ya meza si mchezo.

Ndukidi
Mnaongea kirahisi. Mtoto anatoka Kibakwe na nauli ya kuazima, miezi mitatu baadaye laini imepotea, nywila hajui, dirisha la mkopo linafungwa kesho. Anakuja kulia kwangu, haji kwenu. Nikiwa nayo namwokoa.

MamaPacha_Mbeya
Hapo kwa kweli namwelewa.

mkosti_001
Mwandikie kwenye kikaratasi, uweke na laminesheni aende nacho. Hata hela utapata.

Ndukidi
Nitafikiria. Sasa hiyo Excel inaingia Bitwarden moja kwa moja, au nianze kuandika moja moja?

bintiMakorora
Zako TU. Ihifadhi kama CSV, uingize kupitia tovuti yao, halafu faili lifute. Na kapu la taka limwage, watu huwa wanalisahau.

SirOfflaini
Hata KeePassXC inapokea CSV.

MzeeKigogo
Ndukidi, kaunta buku hapo kwako unauzaje?